CD si sahani ya muziki: majina yetu na wanaoyavuna

Siku za mwisho za Desemba 2020, mtu mmoja aitwaye Fredrik Almroth, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya usalama wa mitandao Detectify ya Uswidi, alinunua jina la intaneti ambalo mwenyewe alikuwa ameliacha liishe muda. Jina hilo halikuwa na uzuri wowote: scpt-network.com. Nadhani hakuna mtu wa Sandoa, wala wa Kolwezi, aliyewahi kuliandika kwenye simu yake. Lakini chini ya jina hilo zilikuwa zimeandikishwa baadhi ya seva ambazo kazi yake ni kujibu swali moja: tovuti hii inayoishia na .cd iko wapi? Kwa kulilipia jina lile bei ya kawaida tu, mtu mmoja alijikuta anaweza kujibu karibu nusu ya maswali yote ambayo kompyuta za dunia zilikuwa zinauliza kuhusu anwani za Kongo yetu. Nusu ya pili ilibaki salama kwa sababu seva zingine zilikuwa chini ya jina lingine.

Almroth hakufanya ubaya. Aliwaarifu wasimamizi, seva zikahamishiwa jina jipya, scpt-network.net, na Januari 2021 habari ikatangazwa. Wengi waliosoma walishtuka kwa sababu ya usalama: barua pepe za watu, kurasa za serikali, siri za kuingilia. Ni kweli, hatari ilikuwa kubwa. Ila mimi nilishtukia kitu kingine, ambacho naona hakikuzungumzwa sana. Jina likiisha muda, kwa kawaida anayeliokota si mtaalamu mwenye roho safi, wala si jasusi. Ni programu ya kompyuta inayokaa macho usiku na mchana ikingoja majina yanayodondoka, inayachukua ndani ya sekunde chache, kisha inaweka juu yake ukurasa wa matangazo. Haijui Kongo ni nini. Inaangalia kitu kimoja tu: je, jina hili lina wageni? Kama wageni wapo, yapo makuta.

Biashara hiyo ina historia yake, na nchi za Afrika zimo ndani, mara nyingi kwa kutojua. Ndiyo nataka kusimulia hapa.

Tuanze na hizo herufi mbili. Mwaka 1994 Jon Postel, yule Mmarekani mwenye ndevu ndefu aliyekuwa akitunza daftari la majina ya intaneti karibu peke yake, aliandika kanuni za namna ya kugawa majina hayo. Kila nchi ingepata herufi mbili, na herufi zenyewe zingetoka kwenye orodha ya kimataifa ya ISO, ili yeye asilazimike kuamua nchi ni ipi na ipi si nchi. Ilikuwa busara. Sisi wakati huo tulikuwa Zaire, kwa hiyo tukawa .zr. Mei 1997 Mobutu akaondoka, nchi ikachukua tena jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na orodha ya ISO ikabadilika nayo. CG ilikuwa tayari ya wenzetu wa Brazzaville. Tukapewa CD. Agosti 1997 .cd ikafunguliwa, na .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001.

Watu wa kwetu hatushangai jina kubadilika. Tumekuwa Katanga, tukawa Shaba, tukarudi Katanga, na tangu 2015 tuko Lualaba. Élisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi. Mzee mmoja wa Sandoa anaweza kuwa na vyeti vitatu, na kila kimoja kinasema alizaliwa mahali tofauti, wakati hakuwahi kuhama. Lakini jina la intaneti lina tofauti moja na jina la muji: jina la muji halina bili ya kila mwaka.

Hapo mwanzo hata la intaneti halikuwa na bili. Mpaka Septemba 1995 kuandikisha jina la .com kulikuwa bure. Mwaka 1994 mwandishi wa habari wa Marekani, Joshua Quittner, aligundua kwamba hakuna aliyechukua mcdonalds.com. Akapigia simu kampuni yenyewe kuwauliza kama wanalitaka, hakupata mtu aliyeelewa anachosema, akaliandikisha mwenyewe. Mwishowe McDonald's walilipata baada ya kukubali kutoa dola 3,500 za vifaa vya kompyuta kwa shule moja ya New York. Yeye alifanya mchezo wa kufundisha. Wengine walikuwa na mpango. Mmoja, Dennis Toeppen, alichukua majina zaidi ya mia ya makampuni makubwa, na walipokuja Panavision, watengenezaji wa kamera za sinema, akawaambia wampe dola 13,000. Kwenye ukurasa wa panavision.com alikuwa ameweka picha za muji mdogo wa Pana, jimbo la Illinois, ili ionekane ana sababu. Mahakama haikucheka. Mwaka 1998 alishindwa katika rufaa, mwaka uliofuata Bunge la Marekani likatunga sheria, na shirika la ICANN, ambalo lilikuwa limerithi daftari la Postel, likaweka utaratibu wa malalamiko kwa dunia nzima.

Kwa hiyo kukalia jina la mtu na kumwambia "nilipe" kukawa hatari. Hapo mchezo ukageuka, na mgeuko huu ndio muhimu kwetu. Kumbe hauhitaji kumuuzia mwenye jina kitu chochote. Unaweza kukaa kimya kabisa na jina likakulisha.

Angalia hesabu. Watu wengi hawapiti kwenye injini ya kutafuta. Wanaandika jina moja kwa moja juu ya kivinjari, na vidole vinakosea. Anayekosea anaangukia kwenye ukurasa wako. Hauna habari yoyote ya kumpa, una viungo tu: "mikopo", "hoteli", "kazi", "masomo ya nje". Viungo hivyo ni matangazo yanayoletwa na kampuni kubwa ya matangazo, na kila mgeni akibofya kimoja, mwenye tangazo analipa, kampuni inachukua fungu lake, na wewe unachukua lako. Jina la .com katika miaka hiyo lilikuwa chini ya dola 10 kwa mwaka. Ukipata senti 3 tu kwa siku, mwaka unaisha na dola 10.95. Jina moja halikutajirishi. Sasa zidisha kwa elfu hamsini. Wenye kazi hiyo wanasema "kuegesha" jina, kama vile gari: limesimama, injini imezimwa, na bado linaleta pesa.

John Zuccarini wa Marekani alikuwa na majina zaidi ya 3,000 ya aina hiyo, mengi ni makosa ya vidole ya majina yanayojulikana. Mahakama ilisikia kwamba alikuwa analipwa kati ya senti 10 na 25 kwa kila mbofyo, na kwa mwaka anapata kati ya dola 800,000 na milioni 1. Mwaka 2004 alifungwa miezi 30, lakini si kwa sababu ya matangazo yenyewe. Alifungwa kwa sababu majina aliyoyakosea yalikuwa ya vitu vya watoto, na watoto walikuwa wanaangukia kwenye picha za uchi. Waliofanya vile vile bila watoto na bila uchi waliendelea na biashara. Google yenyewe iliwahi kuwa na huduma maalum ya kuweka matangazo kwenye majina yaliyoegeshwa.

Halafu wakapata njia ya kutolipa hata zile dola. Kanuni ziliruhusu aliyeandikisha jina kulirudisha ndani ya siku 5 na kurudishiwa pesa, kwa ajili ya aliyekosea herufi. Wajanja wakachukua mamilioni ya majina, wakayaweka matangazo siku 5, wakahesabu yapi yameingiza kitu, wakabakiza hayo na kurudisha mengine yote. Kisha wakaanza tena. Mwaka 2008 ICANN ilipoanza kutoza ada ndogo kwa anayerudisha majina kupita kiasi, ndani ya mwaka mmoja urudishaji huo ulipungua kwa asilimia 99.7. Namba hiyo naipenda sana. Inaonyesha kwamba karibu wote hawakuwa na haja na jina lolote. Walikuwa wanakula makombo ya bure, na makombo yalipowekewa bei wakaondoka.

Mpaka hapa ni hadithi ya Wamarekani na .com yao. Sasa tuje Afrika.

Chukua neno .com, uondoe herufi moja, ile o. Unabaki na .cm. Hiyo ni Kameruni. Kila siku duniani watu maelfu na maelfu wanaandika haraka na o inapotea, na kila kosa linabisha mlango wa Yaoundé. Kwa miaka mingi mlango ulikuwa haujibu: jina halipo, kivinjari kinasema hakijaona kitu, mtu anarekebisha na kuendelea. Agosti 2006 mlango ukaanza kujibu. Jina lolote la .cm ambalo halikuandikishwa na mtu, hata ukiandika upuuzi, likawa linakupeleka kwenye ukurasa mmoja wa matangazo ulioitwa Agoga. Nyuma yake alikuwa Kevin Ham, daktari wa Vancouver, Kanada, aliyeacha kutibu watu ili anunue majina. Mwaka 2007 gazeti la Business 2.0 la Marekani lilisimulia jinsi alivyofikia makubaliano na upande wa Kameruni ili aweke mtambo huo. Gazeti hilo hilo lilikadiria kwamba mali yake yote ya majina ilikuwa na thamani ya dola milioni 300 hivi, na inaingiza kama milioni 70 kwa mwaka.

Tusimame kidogo hapa. Mkalia jina wa kawaida anakalia jina moja, au elfu moja. Huyu hakuandikisha hata moja. Nchi nzima iligeuzwa ubao wa matangazo, pamoja na majina ambayo bado hayajazaliwa: jina la duka ambalo kijana wa Douala angelifungua miaka kumi baadaye tayari lilikuwa linatangaza kitu kwa Mmarekani aliyekosea kidole. Kampuni ya VeriSign ilikuwa imejaribu jambo kama hilo hilo kwa .com na .net, Septemba 2003. Kelele zilipigwa na dunia nzima, ICANN ikaamuru isimame, na Oktoba 4 ikazimwa. Haikumaliza hata wiki tatu. Kwa Kameruni hakukuwa na kelele za namna hiyo. ICANN ina mkataba na wenye .com, herufi za nchi ni mambo ya nchi yenyewe. Hiyo ni heshima kwa uhuru wetu, sawa. Lakini uhuru bila mtu wa zamu ni nyumba iliyo wazi.

Madhara yalibaki hata baadaye, majina ya .cm yalipofunguliwa kwa watu kununua mmoja mmoja. Ripoti ya McAfee ya mwaka 2009 iliitaja .cm kuwa sehemu ya hatari kuliko zote za intaneti. Mwaka 2018 mwandishi Brian Krebs alionyesha kwamba kundi la majina zaidi ya 1,000 ya .cm, yaliyoigiza tovuti maarufu, lilikuwa limepata wageni karibu milioni 12 katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka ule. Na Kameruni haikuwa peke yake. Ukisahau c badala ya o, unafika Oman. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Endgame walikuta majina zaidi ya 300 ya.om yaliyotegwa hivyo hivyo, likiwemo la Netflix. Fikiria mfanyabiashara wa Muscat au Kameruni anayejenga tovuti halali. Anabeba harufu ya wezi ambao hajawahi kuwaona, kwa kosa la kuandikisha jina nyumbani kwake.

Hapa wengine mtasema: basi nchi ikodishe tu herufi zake ipate pesa, kwani kuna ubaya gani? Tuvalu, kijinchi kidogo cha visiwa vya Pasifiki, kilifanya hivyo na .tv. Mwaka 2000 kilikubaliana kulipwa dola milioni 50 kwa miaka 12, na kikaweza kumudu gharama za kuingia Umoja wa Mataifa mwaka ule ule. Sina neno juu ya Tuvalu. Walijua wanauza nini, bei ilijulikana, na makubaliano yalikuwa na mwisho. Hata sisi, CD yetu ilifanana na ile sahani ya muziki, na mtu angeweza kufikiri biashara ya heshima juu yake wakati sahani zilikuwa bado zinauzwa.

Lakini zilizokuja Afrika baada ya hapo si mikataba ya aina ya Tuvalu. Kampuni ya Freenom ya Uholanzi, chini ya Joost Zuurbier, ilianza na Tokelau, visiwa vyenye watu kama 1,400, ikafanya majina ya .tk kuwa ya bure. Kisha ikachukua Mali, Gabon, Afrika ya Kati na Guinea ya Ikweta: .ml, .ga, .cf, .gq. Bure! Wanafunzi wengi wa kwetu walifurahi, na nawaelewa, maana kwa mtu asiye na kadi ya benki dola 10 ni ukuta. Ila bure ile ilikuwa na meno. Jina halikuwa lako, lilibaki la kampuni. Ukiacha kulihuisha, kampuni inalirudisha kwake na wageni uliowatafuta kwa jasho, inaweka matangazo, na wageni wako wanamlisha mwingine. Mamilioni ya vijana walikuwa wanalima shamba, na mwenye shamba alikuwa anangoja wachoke.

Walanguzi na matapeli nao wakajaa humo, kwa sababu bure haiulizi kitambulisho. Tokelau ikafika majina zaidi ya milioni 25, kuliko karibu nchi zote za dunia. Mwishoni mwa 2022 kampuni ya Meta, wenye Facebook, ikaishitaki Freenom, na mapema 2023 Freenom ikaacha kuandikisha majina mapya. Juni 2023 Gabon ikachukua tena .ga yake kwa msaada wa AFNIC, wasimamizi wa .fr ya Ufaransa, na ikatangaza kwamba karibu majina milioni 7 yatafutwa. Nchi yenye watu kama milioni 2 na nusu! Mali nayo ikarudisha .ml Julai ile ile ambapo gazeti la Financial Times lilisimulia kichekesho kichungu: wanajeshi wa Marekani, ambao anwani zao zinaishia na .mil, walikuwa wanasahau herufi moja, na Zuurbier alikuwa amekusanya barua karibu 117,000 zilizopotelea Mali tangu Januari. Februari 2024 Freenom ikaondoka kabisa katika biashara ya majina. Waliopoteza tovuti zao katika kufutwa huko, wengine walikuwa watu wa kweli wenye kazi za kweli. Hakuna aliyewafidia.

Sasa nyumbani. Sisi watu wa Lualaba tusingepaswa kufundishwa biashara hii na mtu, tunaiishi kila siku chini ya miguu yetu. Sheria ya madini ya 2002 iliigawanya nchi kwa miraba, kila mraba hekta 84.955, na mwenye mraba analipa ada kila mwaka. Ukiwa na karatasi ya Cadastre, mraba ni wako hata kama haujawahi kupeleka jembe. Tunawajua waliozungushia karatasi mahali ambapo hawakukusudia kuchimba, wakingoja tu mnunuzi apande ndege. Kijiji kinalima juu yake, watoto wanasoma juu yake, siku moja anakuja mtu na ramani. Anayekalia jina anafanya kazi ile ile, ila yeye hahitaji hata kungoja mnunuzi, kwa sababu matangazo yanamlipa wakati anangoja.

Na jambo hili limetugusa sisi wenyewe. Kabla mimi sijaingia kwenye komite, chama chetu kilikuwa na tovuti yake, na wengine mnaikumbuka: orodha ya waliohitimu, matangazo ya bourse, picha za sherehe ya diploma. Jina liliandikishwa na kijana mmoja kwa moyo mwema, kwa barua pepe yake binafsi. Akapata kazi mbali, barua pepe ile akaacha kuifungua. Barua za kukumbusha malipo zilikuwa zinafika mahali ambapo hakuna mtu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ulipofika mwaka wa malipo, aliyekumbuka aliulizwa swali letu lile lile: "Franga iko wapi?" Leo ukiandika jina lile unakuta ukurasa mweupe wenye viungo. Juu kabisa, kwa Kifaransa, masomo ya ng'ambo na mikopo ya haraka. Ile mashine imejua vizuri nani anakuja pale. Mwanafunzi wa darasa la sita humanité kule Sandoa, aliyeambiwa na kaka yake kwamba habari za bourse ziko kwenye tovuti ya chama, anatumia mega zake za siku nzima kubofya vitu ambavyo havimpeleki popote, na kila mbofyo wake unalipwa kwa mtu ambaye hamjui. Chini kabisa kuna mstari mmoja: jina hili linauzwa.

Tumeandika kuuliza bei. Wamejibu dola 1,200.

Wapo wanaosema tushitaki. Nimesoma utaratibu. Malalamiko mengi kama haya yanapitia WIPO, shirika la hakimiliki la Umoja wa Mataifa kule Geneva, na mwaka 2023 peke yake walipokea zaidi ya 6,000. Ada ya jina moja mbele ya mwamuzi mmoja ni dola 1,500. Kwa kawaida kesi inaendeshwa kwa lugha ya mkataba wa aliyeandikisha jina, mara nyingi Kiingereza. Na lazima uthibitishe mambo matatu: kwamba jina lake linafanana na alama yako ya biashara, kwamba yeye hana haki nalo, na kwamba alilichukua na kulitumia kwa nia mbaya. Sisi hatuna alama iliyoandikishwa. Tungeweza kujaribu kuonyesha kwamba tulijulikana kwa jina lile, lakini picha na matangazo ambayo yangekuwa ushahidi yalikuwa kwenye tovuti ile ile iliyopotea. Utaratibu ule ulitengenezwa kwa ajili ya Panavision. Haukutengenezwa kwa ajili ya chama cha wahitimu wa territoire, na wakalia majina wanajua hivyo vizuri, ndiyo maana bei waliyotupa iko chini kidogo ya ada ya kushitaki. Mtu aliifanya hesabu hiyo kabla yetu.

Wengine wanasema tulipe, tumalize. Jumamosi tuna kikao juu ya neno hili, na mimi nitapiga kura ya kutolipa. Dola 1,200 ni bourse ndogo ya mtoto mmoja kwa mwaka. Tukilipa, tunawafundisha kwamba majina ya vyama vidogo vya Kongo yana mnunuzi, na kesho wataokota la chama cha Dilolo na la Kapanga. Tuchukue jina jipya, liandikishwe kwa chama, si kwa mtu, na barua pepe ya ukumbusho isomwe na watu watatu angalau: rais, mweka hazina, na mmoja anayekaa Kolwezi au Lubumbashi ambako umeme haukatiki sana. Tulipe miaka mitano kwa pamoja. Na tuandike ukutani kwenye ofisi kwamba jina la .com likiisha muda kwa kawaida halipotei siku hiyo hiyo: msajili anaweza kukupa hadi siku 45, baadaye ziko siku 30 za kulikomboa kwa faini, halafu siku 5 za mwisho ambazo hakuna wa kuligusa, na baada ya hapo zile programu zinazongoja zinalirukia. Kijana wetu alikuwa na karibu miezi miwili na nusu ambayo mtu yeyote wa chama angeweza kuliokoa, kama angekuwa na neno la siri la kuingilia.

Liko swali moja ambalo sina jibu lake, nalileta kikaoni: jina jipya liwe la .com au la .cd? Moyo unasema .cd. Ni herufi zetu, tulizipata baada ya vita na kubadilisha bendera. Lakini moyo ule ule unakumbuka Desemba 2020, na kwamba ofisi ya taifa yenye watu wa mshahara ilisahau kulipa jina moja la bei ya kreti ya bia. Anayejua namna .cd inavyotunzwa leo, hasa bandugu mnaofanya kazi Kinshasa, aandike kabla ya Jumamosi. Tutasoma maoni yote kwa sauti.